Neno "blush" na ngozi nyeusi: Kiswahili kinalisemaje?

#1 Kalamu ya Ilala

Wakuu, salaam. Natafsiri hadithi ndefu ya mapenzi, mazingira yake Lagos. Binti mhusika mkuu ni mweusi wa kuiva, mwandishi kalisema mapema na anajivunia. Sasa kila binti akikutana na kijana wa duka la vitambaa, naletewa "she blushed". Si mara moja, kila baada ya kurasa chache.

Kamusi ninayotumia inasema ni kugeuka mwekundu usoni kwa haya. Nikiandika "uso wake ukawa mwekundu", msomaji wa Buguruni ataniuliza huyu binti kapatwa na nini. Nikiandika "akaona haya", mhariri ananirudishia. Anasema haya ni ya moyoni, mtu anaweza kuona haya na aliyekaa naye asijue. Lakini yule kijana wa duka ANAIONA, ndiyo maana anaacha kupima kitambaa na kuanza kumchokoza. Ukiondoa kule kuonekana, mazungumzo yanayofuata hayana kichwa wala miguu.

Dai langu, na nipingwe kwa hoja: Kiswahili hakina neno la blush kwa sababu sisi hatublush. Ni jambo la ngozi za wenzetu, na waandishi wetu wa Kiingereza wamelibeba kutoka vitabu vya shule bila kujitazama kwenye kioo.

#2 Kijana wa Sinza

Mkuu unajitesa bure. Blush ni kale katabasamu ka kujifichaficha mtu akisifiwa. Umemwambia kapendeza, anaangalia pembeni, anacheka kidogo, anashika simu ambayo hata haijaita. Hapo kablush. Rangi haihusiki. Andika "akablush", maisha yaendelee.

#3 Mwalimu Mstaafu

Wa #2, tabasamu ni tabasamu. Nimefundisha Kiingereza sekondari mpaka nikastaafu na kosa hili nimelipigia mstari mwekundu kwenye madaftari mengi. Blush ni kitendo cha damu. Kiingereza cha kale kilikuwa na "blyscan", kuwa mwekundu, kung'aa. Lina undugu na neno lao la zamani la mwenge wa moto, na Waholanzi hadi leo wanasema "blozen". Ndani ya neno hili mna moto, hamna meno.

Matumizi yake: halichukui mtendwa. Husemi "he blushed me", unasema "he made me blush". Mtu huweza ku-blush "with shame", huweza ku-blush "at" maneno fulani, na huweza ku-blush "for" mtu mwingine, yaani kuona haya kwa niaba yake, kama mjomba akishika kipaza sauti harusini akiwa ameshalewa na wewe ndiye uliyemwalika.

Msilichanganye na "flush". Hilo ni pana: homa, jua kali, pombe, hasira, kupanda ngazi mbio, uso kupata joto kwa wanawake wanaokoma hedhi. Vyote hivyo ni flush. Blush inataka haya, aibu, kusifiwa au mapenzi. Na flush ndiyo hiyohiyo ya chooni, kwa hiyo mkiandika barua za posa muwe waangalifu.

Tena wale tunaobadilishana l na r: "brush" ni brashi. Nimewahi kusomewa insha darasani ambayo bwana harusi "brushed" kila bibi harusi alipomtazama. Darasa zima lilimwona akiwa na mswaki.

#4 Kijana wa Sinza

Mwalimu shikamoo. Nimekuelewa, ila lugha ni ya wanaoitumia. Ingia kwenye komenti za picha yoyote leo, watu wanaandika "umenifanya niblush", hakuna hata mmoja anayezungumzia damu.

#5 Fundi wa Simu

Naomba nimtetee kijana kidogo maana chanzo nakijua. Kuna ile emoji ya uso unaotabasamu, macho yamefumba kama vijimwezi, mashavu yana wekundu hafifu. Jina lake rasmi kwenye Unicode, ile orodha ya kimataifa ya herufi na emoji, linataja tabasamu tu na macho, blush haimo. Ila kwenye programu nyingi za kuchati ukitaka kuiita kwa maandishi unaandika :blush:. Halafu kuna nyingine, macho yametoka, mashavu yameiva, sura ya mtu aliyefumaniwa. Ile unaiita kwa :flushed:.

Sasa angalia mkanganyiko. Ya pili, ya fedheha, ndiyo ingestahili kuitwa blush kwa maelezo ya Mwalimu. Ya kwanza ni mtu ana furaha zake. Kizazi kizima kimejifunza neno kwa kubonyeza kile cha kwanza. Ndiyo maana kwao blush ni tabasamu la kusifiwa.

#6 Nesi wa Zamu

Mleta mada, hapo kwenye "hatublush" nakupinga kabisa. Mishipa midogo ya damu mashavuni iko karibu sana na ngozi ya juu na iko mingi. Ukishtuliwa na jambo la aibu, ule mfumo wa fahamu unaoendesha moyo na jasho bila kukuuliza unaamka, adrenalini inamwagika, mishipa ya usoni inatanuka, damu inajaa. Mashavu, masikio, shingo, wakati mwingine kifua cha juu. Huwezi kuiamuru ianze wala kuikataza, na ukijitahidi kuizuia inazidi.

Hiyo mashine kila binadamu anayo. Melanini, ile rangi ya asili inayofanya ngozi iwe nyeusi, haizuii damu kutembea, inafunika rangi yake tu. Mtu mweusi akiona haya, joto linapanda vilevile. Wodini nimemwona mgonjwa mweusi ti, kaulizwa swali la faragha mbele ya mkwewe, masikio yakang'aa na uso ukakoza ghafla. Ukijua pa kutazama unaona.

#7 Mtu wa Eldy

Nesi heshima yako, lakini si Darwin alisema watu weusi hawablush? Campus tuliambiwa hivyo na lecturer. Ni yeye pia alisema binadamu ndiye mnyama pekee anablush, ama anahitaji kublush.

#8 Msoma Vumbi

Mtu wa Eldy, umewachanganya wazee wawili. Hiyo ya "anayehitaji" ni ya Mark Twain, mwandishi wa Marekani, mwaka 1897. Darwin alikuwa ameandika mapema zaidi, 1872, kwenye kitabu chake cha namna binadamu na wanyama wanavyoonyesha hisia. Sura nzima ya mwisho kabla ya hitimisho ni ya kublush, na anaiita alama ya kibinadamu kuliko zote. Anasema unaweza kumtekenya mtu akacheka, ukampiga akalia, lakini hakuna unachoweza kuufanyia mwili wake akablush. Lazima akili iguswe: afikirie wengine wanavyomfikiria.

Na kuhusu weusi alisema kinyume cha ulichoambiwa. Aliuliza watu walioishi sehemu nyingi za dunia, akahitimisha kwamba wengi, na pengine watu wa kila kabila, wanablush. Alinukuu mashahidi kwamba mtu mweusi akiona haya, weusi wake unazidi kukolea. Nesi hapo juu kasema "uso ukakoza", neno kwa neno. Alichukua pia ushahidi wa daktari Thomas Burgess, aliyeandika kuhusu kublush mwaka 1839: alimfahamu mwanamke mweusi mwenye kovu usoni, na lile kovu, kwa kuwa halina rangi ya ngozi, lilikuwa linageuka jekundu kila akisemeshwa ghafla au akisingiziwa kosa dogo.

Sasa mjue kwa nini Darwin alihangaika na swali hilo. Lilikuwa swali la kisiasa. Burgess mwenyewe aliamini Muumba kaweka kublush ili roho ionekane mashavuni mtu anapokosea. Ukishaamini hivyo, asiyeonekana kublush unamwambia hana dhamiri. Humboldt, msafiri na mwanasayansi Mjerumani, aliandika kejeli ya Wahispania juu ya wenyeji wa Amerika ya Kusini, kwamba utawaaminije watu wasiojua kublush, na Darwin akalalamika kuwa kainukuu bila kuipinga. Thomas Jefferson, rais wa tatu wa Marekani, kwenye kitabu chake juu ya Virginia cha miaka ya 1780, aliusifu uso mweupe kwa kubadilika rangi kwa kila hisia, akasema weusi wana pazia jeusi lisilosogea linalofunika hisia zote. Mtu huyo alimiliki watumwa zaidi ya 600 maishani mwake. Aliwatazama kila siku, akaandika kwamba nyuso zao hazisemi kitu.

Kwa hiyo mleta mada, hiyo "sisi hatublush" uiseme ukijua ina historia ndefu na chafu. Mwandishi wa Lagos anayeandika binti mweusi kablush, mimi namwona anadai haki yake.

#9 Mtu wa Eldy

Sawa, ya Twain nimeipata. Hiyo ya Jefferson imenikasirisha kabisa.

#10 Kofia Pana

Nimesoma hadi hapa nikaona nichangie, maana kwangu si nadharia. Nina ualbino. Wazazi wangu weusi, ndugu zangu weusi, mimi ndiye niliyezaliwa bila pazia hilo la Jefferson.

Shuleni mimi na dada yangu tuliwahi kuitwa mbele pamoja kwa kuchelewa namba. Tumesimama bega kwa bega, kosa moja, aibu moja. Uso wangu ulianza kuiva kutoka shingoni, ukapanda masikioni, mashavu yakawa kama nimepakwa rangi. Wanafunzi wakaanza kunicheka mimi. Dada yangu alikuwa na aibu kuliko mimi, aliniambia usiku, alihisi masikio yanaungua. Lakini hakuna aliyemcheka kwa sababu hakuna aliyemwona. Mwalimu wa zamu akasema mimi ndiye mwenye hatia maana "uso umekiri". Nikaongezewa adhabu.

Basi Nesi na Msoma Vumbi wako sahihi. Damu ni ileile, nyumba moja, mama mmoja. Ninachowaomba ni kwamba mnapotafuta neno, msilifanye kuwa la Wazungu. Tupo hapahapa tunaoiva na mnatuona.

#11 Mama Poda

Kofia Pana, pole sana ndugu yangu, na huyo mwalimu Mungu amsamehe.

Mimi napamba maharusi hapa Tanga. Kwetu blush ni kitu cha mkobani kabla ya kuwa kitendo. Waingereza wanaiita "blusher", Wamarekani "blush", na zamani iliitwa kwa neno la Kifaransa, "rouge". Kazi yake ni kuigiza hicho Nesi alichoeleza. Na hapa nawaambia: ngozi nyeusi INA wekundu wake, ila si wa waridi. Ukimpaka bibi harusi mweusi ile ya waridi mpauko iliyojaa madukani, shavu linabaki na majivu, anaonekana kama kapakazwa unga. Mwekee rangi ya zambarau iliyoiva, au ya matofali, au ile nyekundu ya damu ya mzee inayotisha ukiiona kwenye kikopo. Chukua kidogo kwa brashi, kung'uta, mwambie acheke, gusa pale shavu linapopanda, vuta kuelekea sikioni. Ukimaliza huoni rangi. Unaona binti ana jambo moyoni.

Ndiyo rangi halisi ya haya zetu hiyo. Mtu ameshaitafiti, ameiweka kwenye kikopo, anauza. Nyie mnabishana kama ipo!

#12 Kalamu ya Ilala

Hapo kwenye ipo au haipo mmenifunga mdomo, na ya Kofia Pana imenigusa sana. Lakini hamjanipa neno. Nahitaji kitenzi kimoja chenye haya na uso kwa pamoja. Mzee wa Ng'ambo yuko wapi?

#13 Mzee wa Ng'ambo

Nipo, nilikuwa nawasoma. Neno unalo na umelikalia: kutahayari. Asili yake Kiarabu, kule ni kuduwaa, kuchanganyikiwa usijue pa kushika. Sisi Waswahili tukalichukua tukalishusha usoni. Mtu akitahayari unamwona, hujaambiwa. Macho chini, ulimi mzito, uso umebadilika. Mhariri wako anataka haya inayoonekana, basi hiyo.

Tena wahenga wameshasema, uso umeumbwa na haya. Hawakusema moyo, wamesema uso. Asiye nayo tunamwita mkavu wa macho. Angalia tulivyogawa kazi: Mzungu haya yake anaitafuta shavuni, sisi tunaitafuta machoni. Mtoto wa kike wa zamani akiposwa alikuwa hajibu. Anatafuna ncha ya kanga, kidole gumba cha mguu kinachora mchangani, mshenga anarudi kusema "kakubali". Hakuna aliyeuliza shavu lina rangi gani.

Na rangi ukiitaka, Kiswahili kinayo pia lakini inakwenda upande mwingine. Tunasema uso umesawijika, yaani umeingia giza kwa fedheha au huzuni. Someni Sura An-Nahl aya ya 58, mtu wa zama za ujinga kabashiriwa mtoto wa kike: uso wake unakuwa mweusi. Kwa Waarabu fedheha nyeusi, kwa Waingereza nyekundu.

#14 Mkatekista

Mzee umenifungulia mlango. Kwa Wayahudi wa kale fedheha ni nyeupe! Isaya 29:22, Yakobo anaahidiwa kwamba hataaibika tena wala uso wake hautapauka. Na marabi wao wanamwita anayemwaibisha mwenzake hadharani kuwa "amefanya uso wake mweupe", wakifafanua kwamba wekundu unaondoka na weupe unaingia.

Kuhusu blush yenyewe, iko kwenye Biblia ya Kiingereza ya King James. Yeremia 6:15, watu waliofanya machukizo, "neither could they blush". Waliotutafsiria Biblia ya Kiswahili ya Union Version wakaandika hawakuweza "kuona haya usoni". Mnaona hilo "usoni"? Walikutana na shida hii hii ya mleta mada, wakaongeza neno moja tu wakamaliza. Ezra 9:6 nako Kiingereza kina blush, Kiswahili kikaweka kutahayari na kuona haya kuinua uso.

Jambo la kuongeza: Kiebrania cha Yeremia hakitaji rangi yoyote, ni kudhalilika tu. Wekundu umetiwa na watafsiri.

#15 Mama wa Ibanda

Bandugu, huku Bukavu tunasema "kusikia haya". Haya haionekani, inasikika, kama vile unasikia njaa ao baridi. Masomo yetu ilikuwa kwa Kifaransa, na ile blush yenu ni "rougir", yaani kuwa mwekundu, moja kwa moja, haijifiche. Sista alikuwa anatuambia msichana mzuri anajua kurougir. Tulikuwa tunarudi nyumbani tunajiangalia ku kioo, hatuone kitu, tunafikiri tuko wabaya. Ile ya Jefferson imenikumbusha hiyo maneno.

#16 Kipa wa Ndondo

Mmeenda mbali sana. Mimi neno hili nalisikia kila wikendi kwenye mpira. Timu kubwa inafungwa nyumbani na timu ya daraja la chini, dakika ya mwisho wanasawazisha, mtangazaji anasema bao "limeokoa blushes" zao. Nani kawa mwekundu pale? Klabu haina mashavu. Kwa hiyo blush ni aibu tu, kwisha. "Bao lililowaepusha na aibu." Na kipa akipitwa kizembe wanasema mabeki "spared his blushes" wakiuokoa mpira kwenye mstari. Najua maana yametokea kwangu.

#17 Mwalimu Mstaafu

Kipa, umeleta matumizi sahihi, lakini angalia namba. Pale ni nomino na iko kwenye wingi, "blushes". Kitenzi hakibebi maana hiyo. Huwezi kusema klabu "blushed" ukaeleweka vilevile.

Na yapo mengine yasiyo na aibu hata kidogo. "At first blush" ni "ukitazama mara moja", "kwa mtazamo wa kwanza". Pale blush imebaki na maana yake ya zamani ya kutupa jicho. Niliona mtafsiri mmoja wa ripoti kaandika "kwa aibu ya kwanza, bajeti inaonekana nzuri". Tafadhali sana. Kuna divai ya blush, yenye rangi ya waridi. "Blushing bride" ni bibi harusi, liwe shavu limeiva au halijaiva. Na Thomas Gray, shairi lake la makaburini la mwaka 1751, ana maua yanayo-blush pasipo mtu wa kuyaona. Ua halina haya. Lina rangi tu.

Kwa hiyo wanaosema ni rangi wana ushahidi, wanaosema ni aibu wana ushahidi.

#18 Kijana wa Sinza

Na wanaosema ni tabasamu wana emoji. Moja, moja, moja. Tuongeze dakika.

Mwalimu, umesema halichukui mtendwa. Kiswahili kina dawa: ameniblashisha. Kublashi, kublashika, kublashisha, kublashiana. Harusi ya Mama Poda wote wanablashiana.

#19 Mtu wa Eldy

Hiyo ya kublashiana naichukua, naenda kuitumia leo leo.

Seriously lakini, Kenya tunasema "nimeskia aibu" hata kama ni kusifiwa, na inanikera. Aibu ni ukifanya kitu mbaya. Mtu akikwambia umependeza, hiyo si aibu, ni joto fulani nzuri. Kiingereza kinaweka zote mbili kwa blush, na ndiyo sababu tunaikopa. Tunaazima kwa sababu ya ile nzuri, ile mbaya tuko nayo.

#20 Mzee wa Ng'ambo

Mwanangu, ndiyo maana haya na aibu ni maneno mawili. Aibu ni doa, fedheha ni aibu iliyotoka nje ikaonwa na watu. Haya si doa. Haya ni sifa, imo hata katika hadithi ya Mtume kwamba haya ni katika imani. Binti anayesifiwa huona haya, haoni aibu. Mkiyachanganya hayo mtaazima mpaka mkope usingizi.

#21 Mama Poda

Mzee ya haya na aibu nakuunga mkono. Ila ya kanga na kidole gumba mchangani, hapana. Mabinti wa leo duka la vitambaa lina vigae, na mguuni ana raba. Ukimsifia anapeleka mkono shingoni, nyuma ya sikio, anavuta wigi upande mmoja kama limehama. Nawaona kila Jumamosi kwenye kiti changu, mara tu simu ya bwana harusi inapoita. Mkono unakwenda shingoni kwa sababu ndiko kunakowaka. Mleta mada, mwandikie huyo binti mkono.

#22 Kalamu ya Ilala

Mama Poda, hilo nimeliandika pembeni ya mswada sasa hivi. Tatizo, nikiweka mkono shingoni kila mahali penye "blushed", kufika katikati ya kitabu msomaji atadhani binti ana kipele.

#23 Mkimya wa Kona

Samahani natoka kidogo nje ya mada. Mimi si mweupe sana, maji ya kunde, lakini nikiitwa kuongea kwenye kikao uso unawaka mpaka naona watu wanatazamana. Imefika mahali nakataa nafasi za kazi zenye kusimama mbele. Ninachoogopa ni kuwaka kwenyewe, kuongea si shida. Nesi, hii ni ugonjwa? Nimesoma mtandaoni kuna upasuaji.

#24 Nesi wa Zamu

Mkimya, si nje ya mada hata kidogo. Hofu ya kublush ina jina, eritrofobia, na inazunguka yenyewe: unaogopa kuwaka, hofu inaamsha adrenalini, unawaka. Inatibika. Msaada wa kwanza unaofaa ni mazungumzo na mtaalamu wa saikolojia, anakufundisha kuhamisha mawazo kutoka usoni mwako kwenda kwenye unachosema, na kukizoea kikao kidogokidogo. Kwanza muone daktari athibitishe si ngozi, kuna ugonjwa unaitwa rosasea unaofanya mashavu yawe mekundu, na kwa weusi mara nyingi haugunduliki mapema.

Upasuaji upo. Wanapitia kifuani, wanakata au kubana mishipa ya fahamu inayohusika. Usikimbilie huko. Wengi wanaofanyiwa wanaanza kutoka jasho jingi mgongoni, tumboni na mapajani, na aliyekatwa harudishiki alivyokuwa. Na vile vidonge vya kutuliza mapigo ya moyo ambavyo rafiki atakwambia umeze kabla ya kikao, usimeze kwa ushauri wa rafiki. Mwenye pumu vinaweza kumuua.

#25 Kofia Pana

Mkimya, mimi nafanya kazi ya kusimama mbele ya watu na uso wangu unawaka mbele yao wote. Siku hizi naanza kwa kuwaambia: "Mkiniona naiva, ni damu inasikiliza pamoja nanyi." Wanacheka, naendelea. Nitumie ujumbe faraghani ukitaka tuongee.

#26 Msoma Vumbi

Mleta mada, kabla hujaamua, kuna mtu alikutangulia kwenye hili. Mwalimu Nyerere alitafsiri tamthilia ya Shakespeare ikatoka 1969 kwa jina la Mabepari wa Venisi. Mle kuna Jessica anatoroka usiku kavaa nguo za kiume, anasema hata Cupid mwenyewe, mungu wa mapenzi wa Warumi, ange-blush kumwona hivyo. Mwenye nakala nyumbani afungue sehemu ya pili, onyesho la sita, atuwekee mstari wenyewe. Kama Nyerere alitumia kutahayari, Mzee kashinda.

#27 Mzee wa Ng'ambo

Hata akiwa hakutumia, nimeshinda.

#28 Kalamu ya Ilala

Haya, nimejaribu sehemu tatu tofauti, nipigeni mawe:

Ya kwanza, anaposifiwa macho: "Akatahayari, mkono ukamtoroka kwenda shingoni."
Ya pili, anapokosea jina la kijana: "Uso ukamwiva kwa haya."
Ya tatu, kijana anapomwambia anampenda: "Masikio yakamwaka moto. Akajua yameonekana."

#29 Mwalimu Mstaafu

Ya tatu ni nzuri sana. Ya pili, "kumwiva" nina wasiwasi nayo, maana uso huiva kwa hasira pia. Hilo ni "flush" limekurudia kwa mlango wa nyuma.

#30 Mama wa Ibanda

Mwalimu, lakini ameandika "kwa haya". Hasira itaingia wapi? Mimi hiyo ya pili ndiyo nimependa. Hiyo ya kwanza, mkono hauwezi kutoroka mwenyewe.

#31 Kijana wa Sinza

Bado nasema "akablush". Ila ya masikio nimeikopi, kuna mtu naenda kumtumia.